Nafasi ya uzamivu Ulaya ni ajira: jinsi ya kulisoma tangazo lake

Tumezoea kusema fulani "ameenda kusoma" uzamivu (PhD). Uholanzi, Ujerumani, Sweden, Norway au Denmark, kwa upande wa sayansi na uhandisi, fulani huyo mara nyingi ameajiriwa. Ana mkataba, anakatwa kodi, ana likizo ya malipo, na halipi ada ya masomo. Nafasi yenyewe haingoji msimu wa udahili: profesa akipata fedha za mradi mwezi wa pili, tangazo linatoka mwezi wa tatu na linafungwa baada ya wiki tatu hadi sita. Kwa hiyo anayeandika kama mwombaji wa skolashipu, akieleza ugumu wa maisha nyumbani na ndoto zake za utotoni, anajibu swali ambalo hakuulizwa. Kamati inataka kujua jambo moja tu: kazi hii iliyoandikwa hapa, nani anaweza kuianza?

Jibu la swali hilo limo ndani ya tangazo lenyewe, na wengi hulisoma mbiombio hadi kwenye mshahara na tarehe ya mwisho, basi.

Kwanza, matangazo yako wapi. EURAXESS ni tovuti ya Tume ya Ulaya, haina malipo, na hupanga nafasi kwa ngazi nne: R1 ni wale ambao bado hawana uzamivu, R2 ni wenye uzamivu wanaoanza, R3 na R4 ni wakubwa. Mwenye shahada ya uzamili achuje R1 peke yake, vinginevyo atapoteza jioni nzima. Uholanzi wana AcademicTransfer, Norway wana Jobbnorge, Uingereza wana jobs.ac.uk, na Ujerumani wana academics.de pamoja na kurasa za taasisi za Max Planck na Helmholtz. Vyuo vya Sweden kama KTH, Chalmers, Lund na Uppsala kila kimoja kina ukurasa wake wa ajira. Unapoweka taarifa ya kukujulisha kwa baruapepe, usiweke neno pana kama "uhandisi". Weka jina la mbinu au kifaa unachokijua, kwa Kiingereza, kama linavyoandikwa kwenye makala za kitaaluma. Neno finyu litakuletea matangazo mawili kwa wiki na yote mawili yanakuhusu.

Magrupu ya WhatsApp na Telegram yanasaidia kujua kwamba tangazo lipo, si zaidi. Aliyelinakili mara nyingi amekata namba ya kumbukumbu, na ameandika "imefadhiliwa kikamilifu" hata pale ambapo si kweli. Na humo ndimo matapeli wanamojificha. Mwajiri wa Ulaya hakutozi hata shilingi kwa kuomba kazi. Ukiambiwa ulipe "ada ya kushughulikia faili", au anwani ya baruapepe ikiishia kwa gmail badala ya jina la chuo, funga. (Vyuo vya Marekani ni jambo jingine: kule huombi ajira bali udahili, ada ya maombi ni halali, na maombi mengi ya uhandisi hufungwa mwezi Desemba.)

Sasa tulisome tangazo. Hili ni la mfano, nimelitunga, lakini sura yake utaikuta kila siku. Nafasi ya uzamivu, uhandisi wa kemikali, chuo cha Uholanzi. Mada: membreni (tando za kuchujia) za kuondoa floraidi kwenye maji ya visima. Fte 1.0. Miaka minne, mkataba wa awali miezi 18. Awe na shahada ya uzamili ya uhandisi wa kemikali, sayansi ya maji au fani inayokaribiana. Awe na uzoefu wa maabara. Uzoefu wa kuiga mifumo kwa kompyuta utakuwa faida. Barua ya kurasa zisizozidi mbili, wasifu, matokeo ya mitihani, majina ya wadhamini wawili (watu wa kukuandikia barua ya kukupendekeza). Maombi kwa njia ya mfumo pekee. Mwisho saa 23:59, saa za Ulaya ya Kati.

"Fte 1.0" maana yake ni ajira ya muda kamili. Uholanzi karibu wote ni 1.0, na mkataba wa pamoja wa vyuo unaongeza posho ya likizo ya asilimia 8 na bonasi ya mwisho wa mwaka ya asilimia 8.3. "Mkataba wa awali miezi 18" usikutishe; ni kipindi cha kupimwa, kisha unaongezwa hadi miaka minne. Ujerumani ndiko penye mtego. Tangazo litasema TV-L E13, asilimia 65. TV-L ni mkataba wa mishahara ya watumishi wa majimbo, na E13 ni ngazi mojawapo ndani yake. Mwaka 2025 anayeanza kwa asilimia 100 alipata takriban euro 4,600 kwa mwezi kabla ya makato. Asilimia 65 yake ni euro 3,000 hivi, na kwa mtu asiye na familia zinabaki kama euro 2,000 mkononi. Katika baiolojia na kemia asilimia 65 au hata 50 ni kawaida. Katika uhandisi na sayansi ya kompyuta 100 ni kawaida, kwa sababu viwanda vinawagombania watu haohao. Wala usidhani kwamba asilimia 65 ya mshahara ni asilimia 65 ya kazi. Maabarani utakuwapo siku zote tano. Sweden ni miaka minne ya masomo, ambayo hurefuka hadi mitano ukipewa kufundisha kwa asilimia 20 ya muda. Norway ni mitatu, au minne yenye robo ya majukumu ya idara. Anayeona "miaka mitatu" pale na "minne" hapa akadhani moja ni bora kuliko nyingine hajaangalia ndani ya hiyo minne kuna nini.

"Awe na" na "itakuwa faida" ni vitu viwili. Cha kwanza ukikikosa, ofisi ya rasilimali watu inakutoa kabla profesa hajakuona. Cha pili unaweza kukikosa na bado ukaitwa, mradi ueleze una nini cha karibu nacho. Hapa watu wetu hukosea kwa namna mbili: mmoja anaacha kuomba kwa sababu hajui ile programu moja ya kuiga mifumo, mwingine mwenye shahada ya ualimu wa sayansi anaomba kwa kuwa "fani inayokaribiana" imemvutia.

Kisha saa. Saa 23:59 ya Ulaya ya Kati wakati wa baridi ni saa 7:59 usiku kwetu. Wakati wa kiangazi, wakishasogeza saa zao, ni saa 6:59 usiku. Yapo pia matangazo yanayosema "popote duniani", AoE: hapo hesabu ni ya ukanda wa saa wa mwisho duniani kumaliza siku, mashariki kidogo tu ya mstari wa tarehe katika Pasifiki, na mwisho wake kwetu ni saa 8:59 mchana wa siku inayofuata. Hata hivyo mifumo hii huelemewa dakika za mwisho, na umeme wetu tunaujua.

"Kwa njia ya mfumo pekee" ni amri. Chini ya tangazo huwekwa jina la mtafiti wa kumuuliza maswali, na hapo watu humtumia faili zote. Hazifunguliwi. Sheria za ulinzi wa data na taratibu za ajira zinataka kila ombi lipite mlango mmoja. Ukimwandikia, uliza jambo la kisayansi ambalo halimo kwenye tangazo, kwa mistari mitano: je, membreni zitatengenezwa maabarani hapo au zitanunuliwa? Swali la namna hiyo humfanya akumbuke jina lako. Kumwuliza "je, Mwafrika anaruhusiwa kuomba?" hakukusaidii, maana jibu ni ndiyo, na tayari umeonekana hukusoma.

Barua ndipo penye utajiri, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Itaandikwa Kiingereza, ila mifano naiweka Kiswahili. Barua ya kawaida huanza: "Nina shauku kubwa ya kujiunga na chuo chako maarufu, nami ni mchapakazi na mwepesi wa kujifunza." Maombi mengi yana sentensi hiyo. Sasa mtazame aliyefanya uzamili wa kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa, jambo la kawaida kabisa ukanda wa Arusha ambako visima vingi vinapita kikomo cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita. Yeye anaweza kuandika: "Katika tasnifu yangu nilipima floraidi kwa elektrodi teule, nikitumia bafa ya TISAB ili alumini isiishike floraidi na kupotosha kipimo. Nilichora isothemu za Langmuir na Freundlich kwa mkaa uliochomwa kwa joto tatu tofauti. Ugumu niliokutana nao ni kwamba mkaa ulijaa haraka maji yalipokuwa na bikabonati nyingi. Ndiyo maana nataka kuhamia kwenye membreni." Sentensi nne, na msomaji amejua kwamba mtu huyu alishika kifaa, anajua kwa nini bafa inawekwa, na ana sababu ya kitaaluma ya kuitaka nafasi hii.

Jambo jingine ni vifaa vikubwa. Tasnifu nyingi za kwetu zina picha za hadubini ya elektroni na michoro ya miale ya X ambayo sampuli zake zilitumwa Afrika Kusini, Korea au kwingineko. Hakuna aibu. Lakini ukiandika kwenye wasifu "SEM, XRD" bila maelezo, kwenye usaili utaulizwa volteji uliyotumia, na hapo utakwama. Andika wazi: sampuli niliandaa mimi, vipimo vilifanyika maabara nyingine, data nilichambua mimi. Kamati inampenda anayejua mpaka wa alichokifanya, maana ndiye hatavunja kifaa cha euro laki mbili.

Wasifu uwe kurasa mbili. Dini, hali ya ndoa na majina ya wazazi viondoke. Shule ya msingi nayo iondoke. Machapisho yatajwe kwa ukamilifu, na kama makala bado iko kwa wahakiki sema hivyo. Makala iliyolipiwa kwenye jarida la kitapeli hupunguza kuliko inavyoongeza; naona ni afadhali usiitaje.

Alama zetu zinahitaji mkalimani. Tanzania GPA ni kati ya 5, na daraja la kwanza linaanzia 4.4. Msomaji wa Ulaya akiona "3.9" bila kipimo, huenda akadhani ni kati ya 4, au asielewe kabisa. Andika daima "4.1 kati ya 5, daraja la pili la juu". Kenya shida ni kubwa zaidi, kwa sababu daraja la kwanza linaanzia asilimia 70 na msomaji anaona 72 kama alama ya mtu wa kawaida. Wajerumani wana fomula yao: chukua alama ya juu kabisa, toa alama yako, gawa kwa tofauti ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Kwao 1.0 ni bora kabisa na 4.0 ni kufaulu kwa shida. Mwenye 4.1 kati ya 5, na kufaulu kunaanzia 2.0, anapata 0.9 gawanya kwa 3, mara 3, jumlisha 1: ni 1.9, nzuri. Mkenya mwenye 72, kufaulu kukiwa 40, anapata 28 gawanya kwa 60, mara 3, jumlisha 1: 2.4. Fomula inamwonea, kwani inadhani kuna mtu hupata 100. Dawa ni kuambatisha ukurasa wa nyuma wa matokeo wenye jedwali la madaraja, na kama ulikuwa wa tatu katika darasa la watu 64, pata barua ya idara inayosema hivyo.

Kwa Ujerumani, angalia pia chuo chako kwenye hifadhidata ya Anabin: H+ ni kutambuliwa, H- ni kutotambuliwa, na H+/- ni kwamba kila kesi itaangaliwa yenyewe. Ukihitaji cheti cha ulinganifu wa shahada kutoka ofisi yao ya ZAB, kinagharimu karibu euro 200. Usikilipie kabla hujaambiwa kinahitajika.

Wadhamini ndio huangusha maombi mengi mazuri. Mfumo humtumia mdhamini kiungo moja kwa moja, kiungo kinaingia kwenye barua taka, siku kumi zinapita. Au mhadhiri anatumia anwani ya yahoo, na mfumo unakubali anwani za taasisi tu. Kabla hujajaza jina lake, mpigie, mwombe anwani ya chuo inayofanya kazi, kisha mtumie ukurasa mmoja: kichwa cha tasnifu yako, alama, vitu vitatu alivyokuona ukivifanya, tangazo lenyewe na tarehe. Profesa mashuhuri asiyekukumbuka ataandika mistari minne baridi. Msimamizi wako wa kila siku, hata kama ni mhadhiri mdogo, ataandika kwamba ulikesha na pampu iliyoharibika.

Lugha: wengi hutaka IELTS 6.5, wengine hukubali barua ya chuo inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza. Soma kwanza, kisha ndipo ulipie mtihani.

Ukikuta herufi MSCA na "mtandao wa uzamivu", hiyo ni ajira ya mpango wa Umoja wa Ulaya wa Marie Skłodowska-Curie, na ina sharti lake la kuhama. Katika miezi 36 kabla ya siku ya kuajiriwa, usiwe umeishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12 katika nchi ya mwajiri. Uraia hauangaliwi. Kwa anayeishi Mwanza au Kisumu sharti hili ni zawadi: nchi zote ziko wazi kwake. Kwa aliyesoma uzamili Ubelgiji kwa ufadhili wa VLIR-UOS, tuseme kuanzia Septemba 2023 hadi Julai 2025, ni ukuta. Akiajiriwa Oktoba 2025 nchini Ubelgiji, miezi yake 22 au 23 inamtoa. Mwajiri wa Uholanzi au Ujerumani katika mtandao huohuo anaweza kumchukua. Kila nafasi ndani ya mtandao ina namba, na mara nyingi unaruhusiwa kuchagua chache tu. Posho inayotajwa kwenye tangazo la MSCA nayo isikulevye: ni gharama ya mwajiri kabla ya michango yake na kodi yako.

Wenye uzamivu tayari wanatafuta nafasi za posdoki (utafiti wa baada ya uzamivu), na huko hesabu ni fupi. Mkataba ni wa mwaka mmoja hadi mitatu, wasifu unasomwa kuanzia kwenye machapisho, na kumwandikia profesa moja kwa moja ni jambo la kawaida. Ufadhili wa posdoki wa MSCA hufungwa Septemba, na huombi peke yako, unaandika andiko pamoja na mwenyeji. Kuanza kutafuta mwenyeji Agosti ni kuchelewa.

Wala si lazima kuvuka bahari. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe pale Nairobi kimekuwa na mpango wake wa uzamivu wa sayansi ya wadudu, ARPPIS, tangu 1983: utafiti unaufanya icipe, usajili unaufanya chuo kikuu. ILRI (taasisi ya utafiti wa mifugo), KEMRI-Wellcome Kilifi (utafiti wa afya) na Taasisi ya Afya Ifakara hutangaza nafasi kwenye tovuti zao, na kanuni ni zilezile: soma neno "lazima", taja kifaa, tayarisha mdhamini.

Ukiitwa usailini, jiandae kwa dakika 30 hadi 45 kwenye video. Utaombwa uwasilishe tasnifu kwa dakika kumi; slaidi nane zinatosha. Watumie slaidi kwa PDF asubuhi ile, ili bando likikata waendelee kuzitazama wakikusikia kwa simu. Maswali yanayorudi: kosa la kipimo chako lilikuwa kiasi gani na ulilipataje, ulirudia mara ngapi, ungeanza upya ungebadili nini. Anayejibu "hakuna ningebadili" amejitoa. Nawe uliza: nani atanisimamia kila wiki, fedha za vifaa zipo kwa miaka mingapi, waliotangulia walimaliza kwa muda gani.

Imebaki Uingereza, ambako mambo ni tofauti kiasi kwamba nimeiacha mwisho. Kule mwanafunzi wa uzamivu ni mwanafunzi kweli, analipwa posho isiyokatwa kodi. Kima cha UKRI, shirika la serikali la kufadhili utafiti, kwa 2025/26 kilikuwa pauni 20,780 kwa mwaka. Tangazo likisema ufadhili unalipa ada "ya wenyeji" pekee, tofauti ya ada ya mgeni ni juu yako, na inaweza kuwa makumi ya maelfu ya pauni, isipokuwa chuo kikikubali kuifuta. Nafasi za UKRI kwa wageni zina kikomo cha asilimia 30, kwa hiyo uliza mapema kama ya mwaka huo bado ipo. Ada ya afya ni pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, inalipwa yote kwa mkupuo: kwa miaka mitatu na nusu ni zaidi ya pauni 2,700 kabla hujapanda ndege. Masomo mengi ya uhandisi, kemia na fizikia yanahitaji cheti cha usalama cha ATAS kwa Watanzania na Wakenya; hakina malipo, lakini huchukua wiki nyingi na bila hicho viza haiombwi. Kipimo cha kifua kikuu kifanye kwenye kliniki iliyoidhinishwa, si hospitali yoyote, na usikiwahi mno: cheti chake hudumu miezi sita tu, na kikikwisha ATAS ikiwa bado njiani, unapima na kulipa upya.